Risasi za Kijivu za Mzee Saleh

Nyinyi vijana mna tabia moja inayonichosha. Mnakuja hapa kwangu Buyenzi, mjini Bujumbura, mnakaa kwenye benchi langu, mnakunywa chai yangu, mnaniuliza habari za magoti kwa haraka haraka, kisha mmoja wenu anainama na kuuliza lile lililowaleta: eti ni kweli, Mzee Hamisi, kwamba wewe na marehemu Saleh mlitengeneza bunduki bubu wakati wa vita? Na macho yanawang'aa.

Nawajibu leo kwa maandishi ili mniache nipumzike. Hakuna bunduki bubu. Ipo bunduki inayolia kidogo, na hiyo tuliitengeneza kwa ajili ya mbwa. Najua mkisoma neno mbwa nyuso zitawashuka. Mlitaka majenerali, mlitaka majasusi. Pole yenu. Mimi nilifanya kazi ya chuma miaka mingi na sikuwahi kukutana na jasusi, labda kama alikuja kununua ndoana.

Maana ndoana ndizo zilizotulisha. Duka letu lilikuwa mtaa wa Asiatique. Mbele patron, tajiri wetu, aliuza ndoana, nyuzi za nyavu na taa za karabai kwa wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nyuma kulikuwa na karakana, na humo Mzee Saleh na mimi tulitengeneza bunduki za uwindaji za watu waliokuwa na vibali. Kitako kilichopasuka, kifyatulio kilichochoka, mtutu uliopata kutu kwa sababu mwenyewe aliuficha chini ya kitanda chenye mtoto anayekojoa. Mambo ya namna hiyo.

Mzee Saleh alikuwa mtu mfupi, kofia haitoki kichwani, karafuu haitoki mdomoni. Ndiye aliyenifundisha kazi, na ualimu wake haukuwa na sukari. Katika miaka yote niliyokaa naye sikumsikia akisema kazi yangu ni nzuri. Nikifanya vizuri kabisa, anaigeuza mkononi, anaitazama kwenye mwanga wa dirisha, anasema, "Haijaharibika." Siku hiyo mimi narudi nyumbani kama bwana harusi.

Kuyeyusha madini ya risasi alinifundisha kabla ya vita, kwa sababu wavuvi walitaka vyuma vya kuzamishia nyavu. Tulinunua kwa mafundi magari vile vipande vizito vya kusawazishia magurudumu, tukaviyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa, tukamimina kwenye kalibu. Siku yangu ya kwanza nilichukua kijiko nilichokuwa nimekisuuza, nikakitumbukiza kwenye sufuria. Matone ya maji yakikutana na madini yaliyoyeyuka, vijana wangu, hayaongei kwa upole. Yote yaliruka. Nyusi moja iliondoka na sehemu ya shati. Mzee Saleh kwanza alihakikisha macho yangu ni mazima, kisha akakaa chini akacheka mpaka machozi. Akasema sasa nimeanza kufanana na kazi yangu.

Kwa hiyo shikeni haya: kijiko kiwe kikavu, na kipashwe moto kabla hakijaingia. Sufuria ile isirudi jikoni hata mke akilalamika. Nawa mikono kabla ya kula, na usile karakanani. Ukitaka takataka zipande juu, tia kipande cha mshumaa na ukoroge. Utaona moshi, usiogope. Vipande vya kwanza vitatoka vimekunjamana kama zabibu kavu, kwa sababu kalibu bado ni baridi. Virudishe sufuriani bila kuona haya. Ninyi wa siku hizi mnaona haya kurudisha kitu sufuriani, ndiyo maana milango yenu ya chuma inalia ovyo mji mzima.

Basi vita vikaja. Sitawasimulia vita, kila nyumba ina yake. Nitawaambia jambo moja tu ambalo nyinyi mliozaliwa baadaye hamlijui. Watu wa Bujumbura wa miaka ile waliishi kwa masikio. Mama anayepika maharage alijua, bila kuinua kichwa, kwamba milio ile ya bunduki iko juu milimani na maharage yanaweza kuendelea kuiva. Lakini mlio mmoja peke yake, mchana, mtaani, huo ulikuwa mbaya kuliko mingine yote, kwa sababu ulikuwa karibu. Ukisikika huo, soko linabaki na viatu vilivyopoteza wenyewe, magodoro yanapanda vichwani, na askari walioko kwenye kizuizi wanajibu kabla ya kuuliza. Masikio ndiyo yaliyotuweka hai. Yakumbukeni masikio, maana sisi mafundi tuliyasahau.

Patron aliondoka mapema, akamwachia Mzee Saleh funguo. Bunduki za raia zilikuwa zimekusanywa na serikali. Karakana ikabaki na ndoana, na Mzee Saleh akawa anapiga msasa vyuma ambavyo havikuwa na tatizo lolote.

Ndipo alipokuja Léonidas. Huyu alikuwa mfanyakazi wa idara ya mifugo, mtu mrefu mpole, na bunduki ya idara ilikuwa mikononi mwake kwa kibali. Tulikuwa tumewahi kumtengenezea kifyatulio. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kuzungumza juu ya Gasenyi, huko kaskazini ukingoni mwa mji.

Watu wengi wa Gasenyi walikuwa wamekimbia na kuacha mbwa wao. Mbwa walibaki. Walichokula miezi ile sitakiandika. Mnaweza kukisia, na mkikisia mtakuwa sawa. Mbwa aliyekula hivyo hamwogopi tena binadamu. Kisha kukaingia kichaa cha mbwa. Msichana mmoja aliumwa akienda kuteka maji, na akafa akiwa amefungwa kitandani, akilia kila alipoonyeshwa kikombe. Léonidas alitumwa kuwapiga mbwa hao risasi. Siku ya kwanza alimpata mmoja kando ya njia, akafyatua mara moja. Mbwa alikufa. Lakini waliokuwa wamerudi kwenye nyumba zao wakasikia mlio, wakakimbia, na bibi kizee mmoja akakanyagwa kwenye uchochoro. Na askari waliokuwa chini ya barabara wakamimina risasi kwenye migomba bila kujua wanampiga nani.

"Muzee," Léonidas alisema, "mi nataka bunduki yangu iseme polepole. Kama mutu anakohoa tu."

Mzee Saleh alimwuliza ni nani mwingine atakayeishika. Akajibu hakuna, ni yeye peke yake. Mzee akatafuna karafuu yake muda mrefu, kisha akatoa sharti: kila asubuhi atampa risasi, kila jioni atarudisha zilizobaki pamoja na maganda matupu ya zile alizopiga. Ganda lisiporudi, kazi imekwisha. Léonidas akakubali, na wakapeana mikono.

Nisikilizeni vizuri hapa, ninyi mnaopenda sinema. Bunduki kubwa inalia mara mbili. Kuna mlio wa baruti kwenye mtutu, na kuna mlio wa risasi yenyewe inapokwenda kwa kasi kuliko sauti, huo unaochapa kama mjeledi. Risasi ikienda taratibu, mjeledi unakosekana, na baruti ikiwa kidogo nayo inanung'unika tu. Mzee Saleh alijua kwamba wazungu wenye mashamba zamani waliwahi kufanya hivyo kuwafukuza nyani bila kuwashtua ng'ombe. Alijua kwamba inawezekana. Namna ya kuifanya hakuijua, na patron hakuwepo wa kuulizwa. Kwa hiyo tulijifunza kwa kukosea, na sitawaandikia vipimo, msijisumbue kuvitafuta kati ya mistari.

Tulichonga kalibu mpya kwa mkono. Tulimimina risasi za madini matupu, bila koti la shaba, za kijivu kama tumbo la samaki. Uani nyuma ya karakana tuliweka sanduku lenye mchanga uliolowana, na tulisubiri mpaka mashine ya kusaga ya jirani inguruke ndipo tujaribu. Kosa likafuata kosa. Baruti kidogo ndani ya ganda kubwa inahangaika kama maharage machache ndani ya debe. Ukiinamisha bunduki imekimbilia mbele, ukiinyanyua imerudi nyuma, na kila mara risasi inatoka na tabia tofauti. Mafuta ya kupaka risasi tulitengeneza kwa nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe, tukazipanga kwenye ubao zikauke. Asubuhi tulikuta panya wamezilamba zote. Mimi, kwa akili zangu, nikatia pilipili. Panya wakala kwa hamu zaidi. Mzee Saleh akaniuliza kama kesho nitawawekea na chumvi.

Halafu ikaja siku ambayo ingeniondolea uso. Nilifyatua, nikasikia "pfu" ndogo, ndogo kabisa, kama mtu anayezima mshumaa. Nilifurahi mno. Nilicheka, nikaanza kutia risasi ya pili. Mzee Saleh alinipiga mkono kwa nguvu mpaka risasi ikaanguka chini. Sikuwa nimewahi kumwona na sura ile. Akaniuliza kama nilisikia mchanga. Kweli, mchanga haukusema kitu. Risasi ilikuwa imekwama katikati ya mtutu, na kama ningepiga nyingine nyuma yake, chuma chote kingenipasukia usoni. Tulitumia mchana mzima kuisukuma kwa fimbo na nyundo ya mbao. Tangu siku hiyo sheria ya karakana ikawa kusikiliza mchanga kuliko bunduki: usiposikia risasi ikifika, weka chini, fungua, tazama.

Mwishowe ilikaa sawa. Ilikuwa inakohoa, kama Léonidas alivyotaka. Lakini risasi ya polepole haina nguvu ya mbali. Ilimbidi Léonidas asogee karibu na mbwa, upana wa njia tu, amtazame usoni. Kazi hiyo ilimla. Alikuwa akirudi jioni na maganda kwenye mfuko wa koti, anayaweka mezani, anaomba maji ya kunawa.

Siku moja nilifuatana naye Gasenyi, kuona. Mama mmoja alikuwa uani akitwanga isombe, majani ya muhogo. Nje ya ua wake alisimama mbwa mwekundu, mate yanamtoka, kichwa kimeinama upande. Léonidas alisogea. Bunduki ikakohoa, mbwa akalala. Mama yule hakuacha kutwanga. Mchi ulipanda na kushuka vilevile. Baadaye ndipo alipochungulia, akamwona mbwa, akatushukuru kwa Kirundi huku ameshika kifua. Niliporudi nilimsimulia Mzee Saleh kuhusu mchi ule. Akasema, "Basi, haijaharibika." Ile ndiyo siku ya fahari kubwa katika kazi yangu yote, na naiandika ili mjue kwamba ilikuwepo.

Mji una midomo. Mbwa wanakufa Gasenyi na hakuna aliyesikia kitu. Kwenye foleni ya maji watu wakaanza kusema kuna bunduki bubu, Asiatique kuna mafundi wameifunga mdomo. Mwanzoni ilikuwa utani, watu wananiita fundi wa kikohozi. Kisha utani ukakauka. Mzee Saleh ndiye aliyelielewa kwanza. Alirudi kutoka msikitini mchana, akakaa bila kuvua viatu. Mtu amemwuliza, aliniambia, kama kuna njia yoyote ya kuisikia. Mtu huyo alikuwa na watoto, alitaka kujua awafundishe kusikiliza nini.

Hapo ndipo nilipoona tulichokifanya. Tuliwapa watu utulivu, tukawaondolea onyo. Lakini kuona si kuacha, na mbwa walikuwa bado wapo. Tuliendelea.

Haukupita muda akaja mkubwa mmoja. Simtaji cheo wala jina, sikuyajua hata siku ile. Viatu vyake vilikuwa safi katika mji ambao wote tulikuwa na vumbi. Alikaa kwenye kigoda cha Léonidas, akazungumza juu ya samaki wa mikeke na bei ya mafuta, akasifu karakana. Kisha akasema angependa kupata risasi zile za kijivu, nyingi kidogo, na fundi wa kuwaelekeza vijana wake. Mzee Saleh akamwambia zinafaa bunduki moja tu, ya idara ya mifugo. Akajibu kwamba hilo ni dogo, wataleta bunduki zao zipimwe.

"Mi ni fundi wa mbwa," Mzee Saleh alisema. "Mbwa peke yake."

Mkubwa alitabasamu, akasema atapita tena. Alipoondoka, Mzee Saleh aliinuka. Alichukua kalibu tuliyoichonga kwa majuma, akaiweka juu ya fuawe, akaipiga nyundo mpaka pande zake mbili zisikutane tena. Risasi za kijivu zilizobaki, hata zile alizorudisha Léonidas jioni ile, alizitia sufuriani, na kesho yake zilikuwa vyuma vya nyavu. Nilikasirika. Nilimwuliza, na mbwa je? Akasema watalishwa sumu, kazi itakuwa mbaya zaidi na ya polepole zaidi, lakini sumu haiingii kwenye bunduki za mtu yule. Mkubwa aliporudi alionyeshwa kalibu iliyopondeka na ndoo ya vyuma vya nyavu. Akacheka, akaondoka. Sisi wajinga tukadhani tumepona.

Huko Gasenyi alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi, Gaspard. Simjui, sikuwahi kumwona akiwa hai. Alipigwa risasi nyumbani kwake mchana, akiwa amesimama mlangoni, mvua kubwa ikinyesha. Nyinyi mnajua mvua ya Bujumbura juu ya mabati: mtu aliye karibu nawe unamsomea midomo. Jirani hakusikia, mke aliyekuwa chumba cha nyuma hakusikia. Mvua ilipokatika ndipo alipomkuta. Na kwa kuwa hakuna aliyesikia, wote walijua mara moja ni kitu gani kilichomwua. Habari ilifika Buyenzi kabla ya maiti kuoshwa. Ijumaa ile msikitini, kulia kwa Mzee Saleh na kushoto kwake palibaki nafasi ya mtu mzima, na safu ya swala, kama mjuavyo, haitakiwi kuwa na nafasi.

Wavuvi waliacha kuja dukani. Mlango ulirushiwa mawe. Mimi nilimsihi Mzee Saleh tukae kimya mpaka maneno yachoke. Akasema yeye ni fundi na mtu ameuawa kwa risasi. Jambo hilo linaangaliwa kwa macho, halingojewi lichoke. Akatia mfukoni kimoja cha vile vyuma vya nyavu alivyovimimina, akavaa kanzu safi, akasema twende msibani.

Mkubwa wa ile familia alikuwa Barnabé, kaka wa marehemu, mtu wa makamo anayefanya useremala. Alipotuona njiani alikuja mbio, akatupitisha nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ili waombolezaji wasituone. Mzee Saleh alitoa pole, kisha akamwuliza kama risasi ilionekana. Ilionekana. Ilikuwa imempita marehemu na kuingia kwenye fremu ya mlango, na Barnabé aliichimbua kwa patasi yake mwenyewe. Alikuwa nayo mfukoni, ndani ya leso.

Alifungua leso. Mimi niliijua kabla haijafunguka vizuri. Ilikuwa nyembamba, imepinda kidogo, na juu yake koti la shaba, jekundu, kama zote walizobeba watu wa vita. Mzee Saleh alimwomba Barnabé aibonyeze kwa ukucha. Ukucha ukateleza. Kisha akampa kile chuma cha kijivu, akamwambia abonyeze na hicho. Ukucha ukaingia, ukaacha alama kama kwenye sabuni. Akamweleza taratibu kwamba zake zote zilikuwa za madini haya, matupu, na kwamba zote zilirudi na kuyeyushwa, na Léonidas ni shahidi. Barnabé alivishika vitu vile viwili, kimoja kila mkono, muda mrefu. Seremala anajua kutofautisha vitu kwa vidole.

"Naona, muzee," alisema. "Macho yangu iko nzuri."

"Basi uwaambie watu."

Barnabé alitazama upande wa barabara, kule kwenye kizuizi, kisha akaifunika ile ya shaba kwa leso.

"Nikisema apana, si ya huyu muzee, wataniuliza ni ya nani. Wenye kubeba hizi wanakaa pale chini. Wanapita hapa kila siku, wanaomba maji. Muke wa mudogo wangu iko ndani, batoto iko ndani. Nikisema ni yako, hakuna mutu atakuja kuniuliza kitu. Tutalala."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakusema kwa ubaya.

Mzee Saleh aliuliza watoto ni wangapi. Barnabé akajibu ni wanne, wa mwisho bado ananyonya.

"Basi sema ni yangu," Mzee Saleh alisema.

Nilimshika mkono wa kanzu. Nilisema apana, kwa sauti, msibani, bila haya. Akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya mtutu.

"Hamisi, we nyamaza. Mi sina mutoto wa kumulinda."

Akampa Barnabé mkono, wa pole, na Barnabé akaushika kwa mikono yake miwili na kuinama. Tukarudi mjini kwa miguu. Njiani nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee wake. Nilimwambia ameuza jina lake na langu pia, kwamba mimi nina mke Buyenzi na nitaulizwa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Yule mtu alikuwa anaomba. Hukusikia?"

Mzee Saleh aliondoka kwa boti ya mizigo kwenda Kigoma, kwa dada yake. Mimi mwenyewe nilibeba sanduku lake pale bandarini, kwa sababu wapagazi waliokuwa wakija kwetu kunoa kulabu zao za magunia siku ile wote walikuwa na kazi mahali pengine. Aliacha vifaa vyote kwangu, akaniagiza nisiache vyuma vipate kutu. Alifia Kigoma kabla ya amani kurudi. Nilisoma Fatiha hapa nyumbani na watu waliokuja walitosha kwenye mkeka mmoja. Sijamsamehe. Najua si vizuri kusema hivyo juu ya marehemu, lakini nyinyi mlitaka ukweli wa mafundi, na ukweli ndio huo: nimemkasirikia Mzee Saleh kwa miaka mingi zaidi kuliko niliyofanya naye kazi.

Vita vilipokwisha, watu walipoanza kuezeka upya, nilijipeleka Gasenyi. Nilimkuta Barnabé amezeeka, fimbo mkononi. Alinijua mara moja. Aliniwekea kiti kivulini, akaagiza Fanta. Nikamwambia kwamba wale wa kizuizini wameondoka, kizuizi chenyewe sasa ni genge la nyanya, na Saleh amekufa. Nilimwomba jambo moja tu: aseme. Aseme kwa watu wake, na kwa wale watoto.

Alichora chini kwa fimbo.

"Ndugu Hamisi, batoto wamekua. Mukubwa anafundisha, kama baba yake. Siku ile kanisani walituita tusameheane, alisimama mbele ya watu wote. Akasema, mi nimemusamehe Saleh, fundi wa Asiatique. Watu walilia. Mi pia nililia. Toka siku ile analala vizuri." Akainua macho. "Nikimwambia leo si Saleh, ataanza kutafuta upya. Na yule mwenye kuua, atamupata, bado iko hai."

Nilimwuliza kama Saleh hana haki yake. Akasema anayo, anamwombea kila siku. Fanta sikuinywa.

Nilipofika njiani nilikutana na kijana aliyevaa shati jeupe, chaki kwenye kifundo cha mkono. Nilijua ni nani bila kuambiwa. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza natoka wapi, nikasema Buyenzi. Kisha akasema kwamba huko Buyenzi huenda wapo jamaa wa fundi mmoja aliyeitwa Saleh. Kama nawajua, niwafikishie kwamba wasiwe na hofu ya kupita Gasenyi, yeye hana kinyongo tena na mzee wao.

Nikamwambia asante.